Wimbo wa Kijapani Usiopigiwa Kinanda

Juzi mmoja wenu, mwalimu kijana aliyetumwa Garissa muhula huu, alikuja nyumbani kunijulia hali. Nikampa chai ya tangawizi, naye akanipa simu yake nisikilize kwaya anayoifundisha. Ulikuwa wimbo wa Kijapani, mmoja wa zile ambazo wanafunzi wa kule huimba siku ya kuagana shuleni. Sauti zilikuwa tamu, sitamnyima haki yake. Lakini tulipofika katikati, pale ambapo kinanda hupiga peke yake na waimbaji wakakaa kimya, sikusikia kimya chochote. Ubeti wa pili ulikuwa umeurukia wa kwanza mgongoni.

"Ile sehemu ya katikati iko wapi?" nikamwuliza.

"Nimeikata, Mwalimu," akajibu huku akitabasamu. "Hatuna kinanda. Watu wangedhani tumesahau wimbo."

Nilishtuka nikaweka kikombe chini. Yeye naye akashtuka kuona nimeshtuka. Baadaye nikaona heri niandike, maana nasikia wengi wenu siku hizi mnapakua nyimbo hizo kwa ajili ya sikukuu za shule, mnazikatakata mnavyotaka. Kateni sehemu nyingine. Ile ya katikati iacheni, nami nitawaambia kwa nini.

Mimi ni mtu wa Maragoli. Kwetu kwaya ni bega, mguu na kigelegele. Mtu akiimba amesimama kama mlingoti wanauliza kama ni mgonjwa. Nilipotumwa kufundisha muziki katika shule ya wasichana hapa Garissa nilikuja na utaalamu huo wote, pamoja na kifimbo changu cha kuongozea. Miaka ikapita, tukawa na kwaya nzuri tu, ya wasichana wa hapa na mabinti wa askari na maafisa waliotoka bara. Halafu akaja Bi Ayako.

Bi Ayako alikuwa mwalimu wa muziki kutoka Japani, mwanamke mfupi wa makamo aliyekuja kujitolea kwetu kwa muda. Alikuja na Kiswahili cha kitabuni na kinanda kidogo cha betri alichokibeba mgongoni. Siku yake ya kwanza nilisimama mbele ya kwaya kama kawaida, kifimbo juu. Akatembea hadi nyuma ya chumba, akaweka kiti, akaniita kwa adabu sana: "Mwalimu Rispa, tafadhali keti hapa."

Nilidhani ameona nyoka pale niliposimama. Nikaondoka mbio. Nikaketi, nikatazama sakafu, sikuona nyoka. Yeye akawageukia wasichana na kuwauliza: "Nani ataongoza?"

Vijana, niliwahi kuona mengi kazini, lakini siku ile nilihisi kama nimefutwa kazi mbele ya wanafunzi wangu. Wasichana wenyewe waliduwaa. Wakanitazama mimi, wakamtazama yeye, wakatazamana. Nikataka kusimama niseme hapana, hapa mwalimu ndiye anayeongoza. Kabla sijapata maneno, mkono mmoja ukainuka mstari wa nyuma.

Ulikuwa wa Nimo. Huyu alikuwa kidato cha tatu, mrefu, mwembamba, msichana wa Habaswein aliyelelewa na babu yake tangu utotoni. Darasani ungeweza kumaliza wiki hujasikia sauti yake. Nilimweka mstari wa nyuma kwa sababu nilifikiri ameingia kwenye kwaya kukwepa jua. Akaja mbele, akaupanga mtandio wake vizuri, akainua mikono, na wasichana wote wakavuta pumzi pamoja. Mimi nilikuwa nimewapigia kelele miaka mingi wavute pumzi pamoja.

Mchana ule Bi Ayako alinieleza mambo ya kwao, nami nikabaki mdomo wazi. Kwao kila darasa lina kwaya, na kila mtu wa darasa yumo. Mwanafunzi mmoja anaongoza, mwingine anapiga kinanda, na mwalimu anakaa na wazazi. Wanashindana darasa kwa darasa. Wanaimba siku ya kuwapokea wageni wa kidato cha kwanza, na wanaimba siku ya kuhitimu, na hiyo ya kuhitimu ndiyo inayowaliza watu wazima.

"Na wale wasiojua kuimba?" nikauliza.

"Wanaimba," akasema.

"Nasema wale ambao hawawezi kabisa. Sauti ya kuku mwenye mafua."

"Hao wanaimba karibu na anayeweza."

Kazi yangu kubwa kila Januari ilikuwa kuchuja sauti, na wengi niliwachuja wakalia.

Sasa niwape mambo mawili matatu ya ufundi, kabla sijaingia pale ninapokwenda. Mkifundisha nyimbo hizi msiogope maneno. Kijapani kinatamkika kwa mtu yeyote anayejua Kiswahili, silabi zake zimekaa wazi kama zetu. Kitakachowashinda ni urefu. Kuna irabu ndefu na irabu fupi, na kuna konsonanti ya kukanyagia kidogo kabla ya kuiachia. Mimi ilinitoa jasho. Siku moja Bi Ayako alikuwa ananisahihisha kwa mara ya kumi, nikasikia kicheko, Nimo akasema: "Mwalimu, hii ni kama Kisomali tu. Vuuta kidogo, halafu wacha." Nikagundua wasichana wa Kisomali walikuwa wamelishika jambo hilo siku nyingi, kwa kuwa lugha yao nayo ina marefu na mafupi. Ilibidi mimi, mwalimu, nikae katikati yao nijifunze kuvuta.

La pili ni noti. Sisi tulifundishwa kwamba do huhama. Wimbo ukianzia juu, do inapanda nao. Kwa Bi Ayako do ina kwake, haihami hata nyumba iungue. Asubuhi nzima mimi naimba do, yeye anaimba fa, wasichana wanashika vichwa. Tukapatana tuache majina kabisa, tuonyeshe noti kwa mkono, juu na chini. Mkikutana na mtu wa do isiyohama, msibishane naye, mtachelewa chakula.

Na la tatu, maziwa ya ngamia ni neema ya Mungu, lakini baada ya kuimba. Yakitangulia, koo linakuwa kama limepakwa samli, na hutasikia noti ya juu mpaka kesho yake.

Basi. Tulijiandaa kwa siku ya kuwaaga kidato cha nne. Bi Ayako alichagua wimbo mmoja wa kuagana, wa sauti tatu. Wasichana waliimba wamesimama wima, miguu pamoja, hata bega halitikisiki. Mara ya kwanza nilipousikia mzima nilijikuta nalia, na maana ya maneno nilikuwa nimeisahau. Katikati ya wimbo kinanda kilikuwa na sehemu yake peke yake, ndefu, laini, Bi Ayako akiipiga huku amefumba macho. Kisha Nimo anashusha mkono, na sauti tatu zinaingia pamoja.

Halafu akaja Mzee Abdinoor.

Huyu ndiye babu yake Nimo, awoowe kama alivyomwita kwa Kisomali. Alikuwa dalali wa mifugo, mtu wa kuheshimika kutoka Habaswein hadi soko la Garissa, na kila mtu alijua akisema neno halirudi. Alipita shuleni siku ya soko kumletea mjukuu sabuni na tende, akasikia kinanda kutoka chumba cha muziki. Akaja moja kwa moja hadi ofisini kwa Mwalimu Mkuu, na mimi nikaitwa.

"Mwalimu, mimi nimeleta msichana asome," akasema. Hakupandisha sauti. "Kuimba kwa mdomo sijakataa. Watoto wanaimba, hata sisi tunaimbia ngamia kwa kisima. Lakini kinanda kwa nyumba yangu hakuna. Siku ya sherehe nitakuja. Nikisikia kinanda, wallahi, siku hiyo hiyo narudi na yeye Habaswein. Shule imeisha."

Ziko familia nyingi hapa zisizoona tatizo na ala za muziki, na ziko nyingine kama yake. Nyumba ni yake na imani ni yake, na mimi ni mgeni niliyekaribishwa. Sikuwa na haki ya kubishana. Lakini nilimfikiria mtoto. Nimo alikuwa na mwaka mzima mbele yake, na alikuwa ameanza kuzungumza darasani. Alikuwa ameanza hata kunikosoa! Mwalimu Mkuu alisema neno moja tu: kinanda kifungiwe stoo. Nikakibeba mwenyewe nikakifungia.

Niliona njia ni rahisi. Nikamwambia Bi Ayako, "Ile sehemu ya katikati tuikate. Ubeti wa kwanza, ubeti wa pili, tumemaliza."

Akanitazama kana kwamba nimemwambia tumwache mtoto barabarani. Ile ilikuwa mara ya kwanza kumwona amekasirika, na kwa watu wapole hasira inatisha.

"Pale ni zamu ya mwenzetu," akasema polepole. "Amezuiwa kuja. Lakini zamu ni yake. Tutamngoja."

Nikadhani jua la Garissa limempata. Kumngoja nani? Kinanda kiko stoo! Lakini yeye akawaambia wasichana wausikie wimbo wa kinanda kichwani, kila mmoja kwa ukimya, hadi mwisho wake, ndipo waingie. Mara ya kwanza waliingia mmoja mmoja, kila mtu na wakati wake, kama mbuzi wanaopitia geti moja. Mara ya pili ikawa mbaya zaidi. Nikacheka, Mungu anisamehe. Walirudia na kurudia asubuhi kabla jua halijakasirika, na Nimo akawa amesimama mbele mkono juu, macho kwa wenzake, hapepesi. Kisha asubuhi moja aliushusha mkono, na sauti zote tatu zikaingia kwa pamoja, bila kuachana hata nukta. Nilitoka nje nikasimama kivulini kidogo.

Siku ya sherehe ukumbi wa mabati ulijaa, viatu vimevuliwa mlangoni. Akina mama walikaa upande mmoja, wazee upande wa pili, mstari wa mbele Mzee Abdinoor na bakora yake, shali begani. Mwalimu wetu wa somo la biashara alikuwa MC, kijana mchangamfu asiyeweza kuvumilia sekunde bila maneno. Mimi nilikaa na wazazi, kama Bi Ayako alivyonifundisha. Naye Bi Ayako alikaa kando yangu, wiki yake ya mwisho nchini.

Ubeti wa kwanza ulikwenda kama maji. Mama mmoja akajifuta macho kwa pembe ya mtandio. Kisha wakanyamaza, na mkono wa Nimo ukabaki juu.

Mazoezini ukimya ule nilikuwa nimeuzoea. Ukumbini, mbele ya watu wote wale, ulinishtua kana kwamba sijawahi kuusikia. Bati lilikuwa linalia kwa joto. Juu yake wale ndege wakubwa wa mjini, korongo, walikuwa wanatembea, nasikia kucha. Watu wakaanza kunong'ona. Nilisikia mtu nyuma yangu akisema, "Masikini, wamesahau." Mama mmoja akapiga kigelegele cha kuwatia moyo, wengine wakapiga makofi, na MC, ambaye hakuna aliyemweleza kitu kwa sababu kila mmoja wetu alidhani mwenzake amemweleza, akarukia maikrofoni.

"Asanteni sana wasichana wetu! Hebu tuwapigie makofi ya—"

Nilimwona Nimo. Mkono ulikuwa bado juu lakini macho yake yalikimbilia kwa MC. Msichana mmoja mstari wa mbele alifungua mdomo kuingia kabla ya wakati. Nikajua ule ndio mwisho: wataingia kama mbuzi, watu watacheka, na babu yake ataona amempeleka mtoto shuleni akachekwe. Nikataka kusimama. Bi Ayako akanishika mkono, kwa nguvu ambayo sikujua anayo.

Aliyesimama ni Mzee Abdinoor.

Nilidhani anakwenda kumshika mjukuu wake amtoe. Akagonga bakora sakafuni mara moja.

"Wewe, weka hiyo kitu chini!" akamwambia MC. Akageuka akautazama ukumbi mzima. "Na nyinyi, nyamaza! Mkono bado. Hamuoni mkono bado?"

Kama hamjawahi kuingia soko la mifugo la Garissa, niwaeleze. Madalali wawili hushikana mikono chini ya shali, na bei yote husemwa kwa vidole huko ndani. Wanaweza kusimama hivyo muda mrefu, na watu wamewazunguka, na hakuna anayefungua mdomo. Kuongea mikono haijaachana ni utovu wa adabu ambao mzee wa kule hausahau. Mzee Abdinoor aliishi maisha yake yote ndani ya ukimya wa namna ile. Hakujua neno la Kijapani, lakini mkono alioukuta juu aliujua. Na wazee wote waliokaa naye waliujua, kwa maana niliwaona wakiitikia kwa kichwa mmoja baada ya mwingine, na ukumbi ukanyamaza mpaka nikasikia pumzi za wasichana.

Nikageuka kumtazama Bi Ayako. Vidole vyake vilikuwa vinatembea juu ya goti lake, taratibu, amefumba macho. Nikatazama kwaya, vichwa vyote vilikuwa vimeinama kidogo upande mmoja. Mzee alibaki amesimama.

Mkono ukashuka. Sauti tatu zikaingia pamoja, na mimi ninayeandika haya nililia wazi wazi mbele ya wazazi, bila kutafuta kitambaa.

Baada ya sherehe nilimwona Mzee anakuja na Nimo nyuma yake. Nikajipanga. Nilikuwa na maneno mazuri tayari: hakuna kinanda, Mzee, umesikia mwenyewe, kinanda kiko stoo na ufunguo huu hapa mkononi mwangu. Hakunipa nafasi. Akanisalimu, akaniuliza habari za nyumbani, kisha akamgeukia mjukuu wake. Akamwuliza kwa Kiswahili cha lafudhi yake ya Kisomali, nikafahamu alitaka na mimi nisikie.

"Bale katikati, mkono iko juu, nyinyi wote mlikuwa mnasikiliza kitu. Mimi nimeona. Mlikuwa mnasikiliza nini?"

Vijana, wapo wanafunzi ambao ungewakanyaga mguu chini ya meza wasiseme, lakini pale hapakuwa na meza. Nilimkodolea macho Nimo. Sema Mungu, nikaomba kimoyomoyo. Sema upepo, sema pumzi, sema tulikuwa tunahesabu. Akamtazama babu yake usoni.

"Kinanda, awoowe."

Bi Ayako, ambaye Kiswahili chake kilitosha kulielewa neno hilo, alifunika mdomo kwa mkono. Mwalimu Mkuu, aliyekuwa anakuja kutupongeza, aligeuza njia akaenda kusalimia watu wengine. Nikaona sanduku la Nimo limefungwa, nikaona gari la Habaswein, nikaona dawati lake tupu Jumatatu.

Mzee Abdinoor alimtazama yule mtoto, na mtoto hakuinamisha macho. Akaiegemea bakora yake kwa mikono miwili.

"Wote mlikuwa mnasikia hiyo moja?"

"Wote, awoowe. Ndiyo tukaingia pamoja."

"Na ilikuwa inabigwa fizuri?"

Nimo aliupanga mtandio wake.

"Vizuri sana, awoowe."

Mzee akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa habari za ndugu wa mbali. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa kifurushi kingine cha tende, akamkabidhi.

"Jumatatu usichelewe darasa," akasema, akaenda kutafuta viatu vyake mlangoni.